Dinosaria Hajasimama Akikusubiri

Dhana inayoharibu safari nyingi za kwenda kuona visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani, huzaliwa ndani ya gari: kwamba mkifika mtakuta mifupa ya dinosaria imesimama, shingo juu, meno nje. Mtoto ameahidiwa hivyo njia nzima. Anashuka, anaona mwamba wa kijivu na vibao vya maelezo, anauliza, "Sasa yuko wapi?"

Kumsimamisha ni kazi ya makumbusho. Huko mifupa husafishwa na kuungwa kwa vyuma, na palipopungua hujazwa nakala. Yule dinosaria anayeitwa mjusi wa Tendaguru, anayezungumzwa kila mara, amesimama Berlin, Ujerumani, kimo chake zaidi ya mita 13. Ukienda Tendaguru yenyewe, mkoani Lindi, alikochimbuliwa kati ya 1909 na 1913, utakuta kilima na pori.

Mahali pa visukuku mifupa hulala ilipofukiwa. Katika Dinosaur National Monument, mpakani mwa Utah na Colorado nchini Marekani, kuna ukuta wa mwamba wenye mifupa 1,500 hivi iliyoachwa humo humo, mapaja juu ya mbavu, pingili za mgongo huku na kule, mithili ya takataka zilizosombwa na mafuriko. Na kweli ni mto ulioisomba, yapata miaka milioni 150 iliyopita. Baadhi unaruhusiwa kuigusa. Mwambie mtoto asogeze jicho palipovunjika: mwamba una punje za mchanga, mfupa una vitundu kama sega la nyuki. Maji yenye madini yalipenya humo, yakaacha madini yake. Kwa hiyo hata ile kauli kwamba kisukuku ni jiwe tupu lenye umbo la mfupa haijakamilika, maana mara nyingi sehemu ya madini ya mfupa wenyewe bado imo.

Nimesema "mjusi" kwa mazoea tu. Mjusi hutanua miguu pembeni. Dinosaria alisimama miguu ikiwa chini ya mwili. Mamba ana undugu naye wa karibu zaidi kuliko mjusi, na ndege ni uzao wake hasa. Kunguru atakayenyemelea makombo yenu mkipumzika njiani ndiye dinosaria hai wa siku hiyo.

Halafu hakosi mtu mzima wa kusema, mkijaza mafuta, kwamba petroli ni dinosaria waliooza. Hapana. Mafuta mengi yametokana na mwani na viumbe wadogo mno wa majini, waliozama, wakafukiwa na tope na kupikwa na joto la ardhini.

Wengine hupita sehemu zenye nyayo kwa sababu "hakuna mifupa". Mimi ningeanza na hizo. Mfupa hueleza mnyama aliyekufa. Unyayo ni mnyama akitembea, na urefu wa hatua zake unapimika. Ila saa ina maana: mchana jua likiwa utosini mwamba huonekana bapa, bali asubuhi na jioni kila unyayo hujaa kivuli chake. Kule Glen Rose, Texas, nyayo zimo kwenye kitanda cha mto Paluxy, na huonekana vizuri mwishoni mwa kiangazi maji yakipungua. Ni hapohapo ilipovuma habari kwamba binadamu alitembea sambamba na dinosaria. Nyingi ya nyayo zinazodaiwa kuwa za binadamu ni za dinosaria waliokanyaga mpaka kisigino, kisha tope likaziba alama za vidole. Nyingine zilichongwa na watu. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na binadamu wa aina yetu ana miaka 300,000 hivi.

Mwisho ni ule mkono unaoingia mfukoni: "Kipande kimoja tu, nani atajua?" Katika hifadhi nyingi ni kosa la jinai. Pia watu hudhani maabara itakipima kwa kaboni na kusema umri wake, wakati kipimo hicho hukomea miaka 50,000 hivi. Umri wa dinosaria husomwa kwenye majivu ya volkano yaliyo kwenye tabaka za juu na chini ya mfupa, kwa hiyo kipande kilichong'olewa kimepoteza saa yake. Ukikiona, weka sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, piga picha, kiache kilipo, kamwite mlinzi wa hifadhi.