Bastola ya kwanza: chagua kwa mkono wako na kwa nyumba yako

Wengi wanaokuja kwa wakufunzi wetu kuulizia bastola ya kujihami huwa wameshaichagua. Wameiona kiunoni kwa rafiki au kwenye sinema, na mara nyingi ni ile ndogo kuliko zote, inayoingia mfukoni. Tunawaambia waiache. Bastola ndogo ni silaha ya mtu aliyekwisha kuzoea.

Risasi ni ileile ya milimita 9 na baruti ni ileile, lakini chuma cha kupokea mshtuko kimepungua. Bastola ya Glock 19, ambayo ni ya saizi ya kati, ina takriban gramu 670 pamoja na magazini (kibweta cha risasi kinachoingia mpinini) tupu. Glock 43, ya kubeba kwa siri, ina takriban gramu 500. Tofauti hiyo unaisikia kiganjani. Mpini ni mfupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, bastola inaruka juu, na baada ya risasi chache mwanafunzi anaanza kufumba macho kabla hajafyatua. Tabia hiyo ikishaota, kuiondoa ni kazi kubwa kuliko kumfundisha mtu asiyejua lolote. Tena mtutu ukiwa mfupi, vilengeo vya mbele na nyuma vinakaribiana, hivyo kosa dogo la mkono linaipeleka risasi mbali na shabaha.

Anza na saizi ya kati, ya milimita 9. Mshtuko wake mtu wa kawaida anaumudu, na kwa kuwa majeshi na polisi wa nchi nyingi wanaitumia, risasi zake ni rahisi kupatikana kuliko za aina nyingine. Wapo wanaoshawishika na .45 (namba hii ni unene wa risasi kwa inchi) kwa kuamini risasi nene humaliza mambo. Risasi nene iliyokosa haimalizi chochote, ila inakwenda kwa jirani. Ile ya .22 haina mshtuko na ni nzuri sana kwa kujifunzia, ila risasi zake hugoma kuwaka mara nyingi zaidi, kwa hiyo kwa kujihami tunaiweka kando.

Rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, nayo ina watetezi wake, hasa miongoni mwa wazee, na hoja yao ina uzito: ukifungua silinda unaona mara moja kama kuna risasi. Lakini triga yake, usipovuta nyundo kwanza, inadai nguvu ya kilo nne hadi tano na nusu, na nyingi zina risasi tano au sita tu. Mwenye vidole dhaifu atapata shida nayo. Na kama unaikimbilia rivolva kwa sababu mikono haina nguvu ya kuvuta slaidi, yaani chuma cha juu kinachorudi nyuma kwenye bastola ya magazini, mara nyingi tatizo ni namna ya kushika: ishike slaidi kwa kiganja kizima karibu na kifua, kisha isukume bastola mbele kwa mkono wa pili. Kina mama wengi walioambiwa hawataweza huweza siku hiyohiyo.

Dukani, muombe muuzaji aikague mbele yako kwamba ni tupu, kisha ishike huku mtutu ukielekea mahali salama. Mtutu ukae kwenye mstari mmoja na mkono wako. Ncha ya kidole cha shahada iifikie triga bila kuugeuza mpini. Dole gumba likifikie kitufe cha kuachia magazini. Kama lazima uizungushe bastola kiganjani ili ufanye hayo, si ya kwako, hata kama bei imekupendeza.

Sasa jambo linaloua watu majumbani. Kutoa magazini hakuifanyi bastola kuwa tupu. Risasi moja inaweza kubaki chemba, yaani nyuma ya mtutu inapokaa tayari kufyatuliwa, na hiyo ndiyo inayompata mtoto au mwenzi wakati mwenye silaha anasafisha akiamini ameshatoa zote. Mpangilio ni huu na haubadiliki: kidole nje ya triga, mtutu upande salama, toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi nyuma, uikwamishe hapohapo nyuma, uitazame chemba na kuigusa kwa ncha ya kidole. Ukianza na slaidi, risasi ya chemba itaruka nje, lakini slaidi ikirudi itachota nyingine kutoka kwenye magazini. Kisha unatoa magazini, unaona risasi sakafuni, unajiridhisha, na mkononi una bastola iliyo tayari kufyatuka.

Kwa sababu hiyo bei ya bastola ni sehemu tu ya gharama. Weka fedha ya kasiki ndogo iliyofungwa ukutani kwa skrubu, ya mkoba mgumu unaofunika triga, ya risasi za mazoezi, na ya vizuia sauti vya masikioni, maana mlio mmoja unavuka desibeli 140 na usikivu ukipotea haurudi. Juu ya kabati si mahali pa silaha. Chini ya godoro si mahali pake, wala dashibodi ya gari. Watoto na wasaidizi wa nyumbani wanapajua pote huko.

Kwa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, na awe na cheti kinachoonyesha amefunzwa kutumia silaha. Leseni ni ya mtu mmoja na silaha moja inayotajwa kwa namba yake. Huwezi kumwazima shemeji anayesafiri usiku, na mwenye silaha akifariki, familia iipeleke polisi badala ya kuigawa kama mirathi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujihami, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Mwizi aliyekwisha kuruka ukuta na televisheni yako hatishii tena uhai wako. Ukimpiga risasi ya mgongo, utakayejieleza mahakamani ni wewe.

Na kuna watu tunaowaomba wasinunue kabisa. Kama wewe ni mnywaji, kama ugomvi wa ndoa umefika kwenye kupigana, kama ndani ya nyumba kuna mtu aliyewahi kusema amechoka kuishi, bastola itaongeza msiba badala ya kuuzuia. Hao tunawaelekeza kwenye taa za nje, mlango wa chuma, kitasa kizuri, majirani wanaoitikia mwano (yowe la kuomba msaada), na namba ya polisi 112. Kwa nyumba nyingi mambo hayo humfukuza mwizi kabla hujaamka.

Aliye na silaha asiyoitaka tena, au aliyeikuta kwenye vitu vya marehemu, asiifiche kwa hofu. Umoja wa Afrika umeutenga Septemba wa kila mwaka hadi 2030 kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari. Fuatilia tangazo la polisi la utaratibu wa mwaka husika. Usiichomoe wala kuibeba wewe: nenda kituoni mikono mitupu, toa taarifa, na uwaache askari waje kuichukua ilipo.