SIGN ya Fortran: dhana potofu na ukweli

Wengi wanaoingia kwenye Fortran, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, wakitokea lugha nyingine hudhani kwamba funksheni yake ya SIGN hutaja alama ya namba, yaani hurudisha -1 kwa namba hasi, 0 kwa sufuri na 1 kwa namba chanya. Sivyo inavyofanya kazi. SIGN(A, B) huchukua ukubwa wa A bila kujali alama yake, kisha huupa alama ya B, na B ikiwa sufuri ya kawaida, jibu huwa chanya.

Tofauti hiyo si ndogo. Katika kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili, njia salama ya kuepuka kutoa namba mbili zinazokaribiana, jambo linalopoteza tarakimu, ni kukokotoa kwanza q = -0.5*(b + SIGN(SQRT(d), b)), ambapo a, b na c ni namba za mlinganyo ax² + bx + c = 0, SQRT ni kipeuo cha pili, na d ni b² - 4*a*c, kisha kupata majibu kwa q/a na c/q. Chukua x² - 4 = 0: b ni sufuri, d ni 16, q ni -2, na majibu ni -2 na 2. Anayeandika funksheni yake inayorudisha 0 kwa sufuri na kuizidisha kwa kipeuo atapata q ya sufuri, na c/q itakuwa kugawanya kwa sufuri.

Dhana nyingine ni kwamba alama za A na B huzidishwa. Hapana, alama ya A hutupwa kabisa: SIGN(-3, -2) ni -3, na SIGN(-3, 2) ni 3.

Lililo gumu zaidi, na ambalo naona halitiliwi maanani ipasavyo, ni wazo kwamba SIGN inaweza kubadilishwa na sharti la IF (B < 0.0). Namba za desimali za IEEE, kiwango kinachofuatwa na kompyuta nyingi, zina sufuri hasi, ambayo katika ulinganisho ni sawa na sufuri chanya, kwa hiyo sharti hilo haliioni. Fortran 90 ilitaka jibu liwe chanya kwa sufuri yoyote, lakini tangu Fortran 95, pale kompaila (programu inayotafsiri msimbo kwa lugha ya mashine) inapotofautisha sufuri hizo mbili, SIGN(5.0, -0.0) ni -5.0. Ndiyo maana gfortran, mojawapo ya kompaila za Fortran, ina chaguo la -fno-sign-zero kwa programu za zamani zinazotegemea kanuni ya awali.

Na ISIGN na DSIGN? Si funksheni tofauti, bali ni majina mahususi ya SIGN kwa namba kamili na kwa desimali za usahihi maradufu. Katika programu mpya, SIGN pekee inatosha.