Neno "first" halikuzaliwa na "one"

Dhana: "First" limetokana na "one", kama "fourth" lilivyotokana na "four".

Ukweli: "First" lilianza kama neno la mahali, si la hesabu. Katika Kiingereza cha Kale liliandikwa "fyrst", yaani aliye mbele kuliko wote. Shina lake ni lile la "fore", mbele, na -st ya mwisho ndiyo hiyohiyo ya "biggest" na "fastest". Kijerumani kina ndugu yake, "Fürst", mtawala: aliyewatangulia watu wake. Kiswahili nacho hakikuitumia moja hapa. "Kwanza" ni kuanza. Moja tunaisikia kwenye mosi, kama Mei Mosi. Hata "second" halina "two" ndani yake. Ni "secundus" la Kilatini, anayefuata, lililopitia Kifaransa. Kabla halijaingia, Mwingereza aliyetaka kusema "wa pili" alisema "other".

Dhana: "First" ni "primus" la Kilatini, yaani wa kwanza, lililoharibika.

Ukweli: Hayo ni maneno ya ukoo mmoja, hakuna lililomzaa mwenzake. Kwa kanuni aliyoieleza mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm mwaka 1822, penye p katika Kilatini lugha za Kigermaniki, ukoo wa Kiingereza na Kijerumani, zina f: "pater" na "father", "piscis" na "fish". (Sisi tunaosema ogopa na ogofya tusione ajabu.) Yaliyokopwa kweli kutoka Kilatini yamebaki na p yake: "prime", "primary", na "prince", yaani anayeshika nafasi ya kwanza.

Dhana: "Foremost", aliye mbele ya wote, ni "fore" na "most".

Ukweli: Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "formest". "Forma" peke yake lilikwisha kuwa na maana ya wa kwanza, likaongezwa -est. Neno "forma" liliposahaulika, watu wakasikia "most" pasipokuwa na "most".

Dhana: "At first" ni "kwanza kabisa".

Ukweli: Kosa hili tunalikuta mno kwenye insha. "At first" ni "mwanzoni", na msomaji husubiri mambo yabadilike: mwanzoni alikataa, baadaye akakubali. Unapopanga hoja, andika "first" au "firstly".

Kwenye tarakimu, sisi husema "wa ishirini na moja", Kiingereza husema "twenty-first". Basi ni 21st, si 21th. Lakini 11 hubaki 11th, kwa kuwa "eleventh" haina "first" ndani yake.