Makaa ya Mwani: Yanavyotengenezwa na Yanakofaa

Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, zao hili limeuzwa zaidi kwa sura moja: huanikwa, hufungwa katika marobota na kusafirishwa nje kwa ajili ya karaginani, utomvu unaotumika kugandisha vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Hata hivyo, si mwani wote unaofika kwenye robota. Upo unaokatika wakati wa kusi, upo unaougua hadi matawi yakageuka meupe na kukatika, na upo unaonyeshewa mvua ukiwa chanjani. Makala haya yanahusu kuugeuza mwani huo wa kutupwa kuwa makaa, kwani kumshauri mkulima achome mwani mwema ni kumtia hasara.

Makaa tunayoyakusudia si ya kupikia, bali ya kunasa uchafu, kuhifadhi umeme au kutiwa shambani. Mwani mkavu hutiwa katika chombo cha chuma kilichofungwa, ukapashwa joto la nyuzi 400 hadi 800 za Selsiasi huku hewa ikizuiwa isiingie, ili usiwake. Gesi na mvuke wa lami hutoka, kaboni na majivu yakabaki. Hatua ya pili, uamilishaji, huyatoboa makaa vinyweleo vidogo mno kwa mvuke wa maji wenye joto kali au kwa kemikali kama hidroksidi ya potasiamu. Ikifanyika vizuri, gramu moja huweza kuwa na uso wa ndani unaozidi mita za mraba 1,000, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira wa kikapu, na ni juu ya uso huo ambapo rangi, harufu na baadhi ya metali nzito hunaswa.

Mwani, hata hivyo, haufanani na kifuu cha nazi. Kifuu huacha majivu machache sana, ilhali katika mwani mkavu majivu yanaweza kufikia robo ya uzito au hata kuzidi, kwa kuwa mmea umejaa potasiamu, sodiamu na klorini, na karaginani yenyewe imebeba salfa. Kwa chujio la kawaida la maji, ushauri wangu ni kutumia vifuu, ambavyo viwanda vingi duniani huvitegemea na sisi tunavyo. Faida ya mwani iko kwingine. Chumvi zake husaidia kufungua vinyweleo wakati wa kuchoma, na zikishaoshwa huacha nafasi tupu pale zilipokuwa. Salfa na nitrojeni zinazobaki ndani ya kaboni huisaidia kuvuta baadhi ya metali na kuhifadhi chaji ya umeme. Mwaka 2006 watafiti nchini Ufaransa walichoma alginati, utomvu wa mwani wa kahawia, kwa nyuzi 600 bila kuiamilisha, wakapata kaboni inayofaa kwa superkapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme na kuitoa upesi, ingawa uso wake haukuwa mkubwa, kwa sababu ya oksijeni nyingi iliyobaki ndani yake. Mwani tunaoulima hapa, mwembamba (spinosum) na mnene (cottonii), ni mwekundu na hauna alginati, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kuchukuliwa kama yalivyo.

Jaribio la kwanza maabara ni rahisi kulifuata kwa macho. Makaa yaliyosagwa na kuoshwa hutiwa katika maji yenye bluu ya methilini, rangi ya kupimia makaa, chupa ikatikiswa, kisha maji yakachujwa. Yakiwa bado ni ya buluu, makaa hayo ni dhaifu. Yakipauka, inafaa kuendelea na majaribio ya maji halisi, kwa mfano yale yanayobaki sufuriani baada ya kutia rangi ukili wa mikeka, ambayo kwa kawaida humwagwa uani.

Lipo dai linalosikika mara kwa mara kwamba makaa haya yatatibu visima vyenye maji ya chumvi. Hayatatibu. Chumvi iliyoyeyuka hupita, na vijidudu vya maradhi haviuawi na makaa.

Shambani nako pana masharti. Makaa ya mwani ambayo hayakuoshwa hutoa maji ya chumvi yenye alkali, kwa hiyo katika ardhi ya maweni, yaani ya mawe ya matumbawe, ambayo tayari ina chokaa nyingi, yanaweza kuongeza tatizo. Udongo wenye kina na wenye asidi, kama unaopatikana katika baadhi ya mashamba ya mikarafuu Pemba, una nafasi bora ya kunufaika, ila makaa yapimwe kwanza, kwani mwani huweza kukusanya aseniki na kadimiamu kutoka baharini. Makaa yaliyokwisha kunasa rangi au metali yasimwagwe shambani kabisa.

Uamilishaji kwa hidroksidi ya potasiamu haufanywi nyumbani: kemikali hiyo huunguza ngozi na macho. Vikundi vya wakulima vinaweza kushiriki katika hatua za mwanzo, yaani kukusanya, kukausha na kuchambua. Kila mfuko wa sampuli uandikwe aina ya mwani, mahali na mwezi ulipovunwa, na kama ulinyeshewa au kuoshwa kwa maji ya mvua, kwa sababu kiasi cha chumvi kilichobaki hubadilisha joto la kuchomea na matokeo yote yanayofuata.