Pori Likipandishwa Hadhi: Yanayosemwa Tabora na Ukweli Wake

“Hifadhi ya taifa ni pori la akiba lililobadilishwa kibao.”

Kauli hii ndiyo inayoumiza watu zaidi huku kwetu. Ugalla, hapa Tabora, ilipokuwa pori la akiba, mrina asali wa Sikonge au Urambo aliomba kibali, akaingia kiangazi, akapiga kambi, akashusha mizinga yake ya magome. Mvuvi naye alikuwa na msimu wake mtoni, na uwindaji wa kitalii ulikuwepo. Mwaka 2019 Ugalla ikawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji, na kambi ya mrina asali haina nafasi tena. Anayekaribishwa ni mtalii na kamera yake. Mto ni uleule, misitu ya miombo ni ileile. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kufanya nini.

“Likishatangazwa, limetangazwa.”

Sivyo. Kwa Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, Rais hutangaza hifadhi kwa ridhaa ya Bunge, na kuifuta kunapitia njia hiyohiyo. Kigosi, pori jingine la akiba, ilipandishwa hadhi 2019 sawa na Ugalla. Mwaka 2023 Bunge likaridhia ifutwe, iwe hifadhi ya misitu, na ufugaji nyuki ukiwa miongoni mwa hoja. Hoja nzuri, ila ingepimwa tangu 2019. Nyuki hawakuhamia Kigosi juzi.

“Maslahi ya umma ni yale Serikali inayoyataka.”

Au, kinyume chake, yale kijiji kinachoyataka. Zote mbili hazitoshi. Maji ya Ugalla huingia Malagarasi, na Malagarasi humwaga Ziwa Tanganyika, kwa hiyo mvuvi wa Kigoma naye ni umma katika jambo hili, hata kama hajawahi kufika Sikonge. Anayetetea mabadiliko aonyeshe nani anapata, nani anapoteza, na kwa nini kibali chenye masharti makali kisingefanya kazi ileile. Ibara ya 24 ya Katiba inazuia mtu kunyang’anywa mali bila fidia inayostahili. Lakini kibali cha msimu si shamba wala nyumba, na hapo ndipo mrina asali anapoachwa mikono mitupu.

“Fedha za watalii zitabaki hapa.”

Julai 2020 mapato ya hifadhi yalianza kukusanywa na TRA, Mamlaka ya Mapato. Kijiji hutegemea miradi ya ujirani mwema, ile ambayo hifadhi huwajengea majirani zake: darasa, zahanati, kisima. Na Hifadhi ya Gombe, huko Kigoma, isitumiwe kama mfano. Sokwe wake wanajulikana duniani tangu mtafiti Jane Goodall alipoanza kuwachunguza mwaka 1960; Ugalla haina jina hilo. Akija mtu na ahadi ya watalii, mwombeni makadirio ya wageni kwa maandishi kabla ya kunyoosha mikono mkutanoni.