Themostati si ya nchi za baridi, na uongo mwingine kuhusu gari la zamani

Msimu wa korosho ukifika na watu wakishalipwa, magari yaliyolala uani tangu masika yanafufuliwa na kuletwa gereji. Mengi yanakuja na ugonjwa mmoja: kuchemsha. Nikiuliza themostati, ule mlango mdogo unaozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta hadi yapate moto, iko wapi, najibiwa kwa kujiamini kabisa: "Fundi, ile tuliitoa zamani. Ya nini nchi hii ya joto?" Nimeisikia Mikindani, nimeisikia Lindi, nimeisikia kwa madereva wa Newala, na kinachoniuma zaidi, naisikia kwa mafundi wenzangu. Leo tumalizane.

Themostati haina habari na joto la Mtwara. Nje kukiwa na nyuzi 32 wewe unatafuta kivuli, lakini injini inataka kufanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 95 hivi. Kwake yeye Mtwara ni baridi na Makambako ni baridi, tofauti ni dakika chache tu za kupata moto. Ndani ya themostati mna nta. Maji yakipata moto nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma mlango unafunguka na maji yanaenda kwenye rejeta. Yakipoa, springi inaurudisha. Namba 82 utakayoikuta imegongwa kwenye nyingi ni nyuzi ambazo mlango unaanza kufunguka.

Ukiitoa, injini inazunguka ikiwa baridi. Sensa ya joto inaiambia kompyuta kwamba injini haijapata moto, kompyuta nayo inazidi kumwaga petroli. Petroli hiyo inaosha oil kwenye kuta za silinda, nyingine inashukia kwenye sampu, bakuli la oil chini ya injini. Unyevu uliomo kwenye oil haupati joto la kuutoa, oil inageuka tope. Kama gari ni oto, overdrive, yaani gia ya juu kabisa, inachelewa kuingia. Halafu mwenye gari anarudi analalamika gari linakula mafuta, anauziwa plagi, anauziwa sensa, na tatizo liko palepale kwenye tundu tupu.

"Lakini tulipoitoa lilipoa!" Ndiyo, lilipoa ukiwa unakwenda sokoni na kurudi. Lipakie watu na magunia, lipandishe mlima wa Newala, uone. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 90, zenye injini kama 5A-FE, themostati ina visahani viwili. Cha juu kikifungua njia ya rejeta, cha chini kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto haipiti rejeta kabisa. Ndiyo maana vitabu vya ufundi vya Toyota vya wakati ule vinaonya kwamba kuitoa kunapunguza upoozaji, hata kama gari lina tabia ya kuchemsha. Watengenezaji wenyewe wamesema. Sasa tubishane nini?

Unaishuku? Ipime, kazi ya jikoni tu. Itoe wakati injini ni baridi, ifunge uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, washa jiko. Utaona mlango umekaza kimya, kisha kabla maji hayajatokota unaanza kunyanyuka taratibu, na maji yakichemka uwe wazi kwa milimita 8 au zaidi. Usiponyanyuka, nunua nyingine. Ukifunga mpya, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, ndipo hewa inapotoka. Wengi wanafunga vyovyote, halafu gari linachemsha kwa hewa iliyonaswa na lawama inaangukia themostati.

Sasa kinachochemsha gari hasa. Anza na kifuniko cha rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa. Kimeandikwa 0.9 au 1.1, na hilo ni presha. Kwenye 0.9 maji yanasubiri hadi karibu nyuzi 118 ndipo yachemke. Mpira wake ukikauka na kupasuka yanachemka kwenye 100 kama ya chai. Watu wanafungua injini kabla ya kubadilisha kifuniko! Kisha washa AC utazame feni. Isipozunguka, angalia fyuzi, rilei na plagi ya mota, wala usikimbilie kuifunga dairekti izunguke muda wote, maana huo ni ujinga uleule wa kutoa themostati. Kisha tazama mapezi ya rejeta. Magari yanayolala Shangani au Mikindani yanapigwa na upepo wa chumvi, mapezi yanaliwa hadi yanapukutika ukiyagusa. Rejeta ya hivyo haipoozi kitu hata ukiizibua mara ngapi.

Mwisho kabisa ndiyo gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Fungua kifuniko asubuhi injini ikiwa baridi, washa, tazama maji. Mapovu yasiyokatika, au ukiwasha baridi kifuniko kikiwa kimefungwa mpira wa juu wa rejeta uwe mgumu ndani ya dakika moja, hapo jiandae kufungua hedi. Moshi mweupe wa dakika mbili tatu asubuhi peke yake si gasketi, ni mvuke, na pwani yetu ina unyevu.

Pacha wa uongo huu ni ule wa kusema kulanti, ile dawa ya rangi inayotiwa kwenye rejeta, ni ya kuzuia barafu, kwa hiyo huku tutie maji. Kulanti inazuia kutu, inainua kiwango cha kuchemka na inalinda sili ya pampu ya maji. Ukitia maji ya kisima cha pwani, umetia chumvi. Nimefungua mabomba ya rejeta nikakuta magamba yameziba kabisa. Kama mfukoni pamekauka leo, tia maji ya mvua yaliyokingwa safi, ukipata hela kaflashi, yaani usafishe njia za maji, utie kulanti.

Mengine nitayapitia haraka. Kuchomoa teminali ya betri injini ikiunguruma ili kupima oltaneta, ile inayochaji betri: acha. Kwenye gari lenye kompyuta umeme unaruka ghafla na unaweza kuunguza daiodi au kompyuta yenyewe. Mita ya bei ndogo inatosha. Betri iliyopumzika isome 12.6 hivi, injini ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na inashuka, tazama mkanda na oltaneta. Kabla ya kuihukumu betri, osha ule ukungu wa kijani na mweupe kwenye teminali kwa maji ya moto na magadi.

Na taa ya cheki injini haitibiwi kwa kuchomoa betri ili izime. Kufanya hivyo kunaficha kosa, halirekebishiki. Toyota za zamani hazihitaji hata mashine: kwenye kile kiboksi chini ya boneti unganisha matundu yenye alama TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi ya ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini, hesabu taa inavyopepesa. Mbili, kituo, mbili, ni 22: njia ya sensa ya joto la maji. Nimesema njia, sijasema sensa. Anza na waya na plagi yake, mara nyingi kutu ya pwani iko hapo, na kuisafisha hakuhitaji spea yoyote.