Michembe na matobolwa ni nini?

Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba vingali vibichi, kisha vikaanikwa juani hadi vikauke kabisa. Matobolwa ni viazi hivyohivyo, ila huchemshwa kwanza. Majina yote mawili ni ya Usukumani na Unyamwezini, na kwenye masoko ya Shinyanga, Mwanza na Tabora hayahitaji maelezo.

Kiazi kitamu kikishachimbwa hakina subira. Sehemu kubwa ya uzito wake, kama asilimia 70, ni maji, na ngozi yake ni laini. Jembe likikijeruhi, siku chache tu kinaanza kuoza. Kukiacha shambani nako kuna hasara yake. Mvua zikikatika udongo hupasuka, fukusi hupenya kwenye nyufa na kutaga mayai, na kiazi kilichoingiliwa huwa kichungu hata ukikipika vipi. Ndiyo maana kazi hii hufanywa zaidi kuanzia Juni hadi Agosti, viazi vikiwa vimejaa, jua kali na mawingu hakuna.

Kwa michembe, wengi huacha viazi visinyae kidogo ndipo wavimenye. Vipande huanikwa juu ya majabali, ambayo Usukumani si haba, au kwenye mkeka au paa la bati, na huanuliwa jioni kuepuka umande. Chukua kipande ukivunje: kikikatika kwa mlio, kimeiva kwa kuhifadhiwa. Kikipinda bado kina maji, na vichache vya namna hiyo vyatosha kuleta ukungu kwenye gunia zima.

Kuchemsha ndiko kunakobadilisha ladha. Kiazi kikipata joto, vimeng'enya vyake hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari. Kwa hiyo matobolwa huwa matamu, ya kahawia na magumu, na watu huyatafuna makavu njiani au shambani. Michembe hubaki na wanga wake. Hiyo hupikwa, aghalabu na karanga zilizotwangwa, au huchemshwa ikaliwa na maziwa mgando. Wanaoiita chakula cha njaa sidhani wamewahi kuonja ile ya karanga.

Hakuna kinachotupwa, au kidogo sana. Viazi vidogo na vile vilivyokatwa na jembe, ambavyo mchuuzi havitaki, ndivyo huingia kwenye michembe baada ya kuondolewa sehemu mbovu. Maganda ni ya mbuzi. Majani, yaani matembele, ni mboga, na marando, yaani mashina yake yanayotambaa, hupandwa bondeni penye unyevu yasubiri msimu ujao. Wateso wa Uganda nao wana yao: amukeke ni vipande vilivyokaushwa, inginyo ni vilivyopondwa kabla ya kukauka.

Tahadhari moja ni kwa wanaolima viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ndiyo inayoupa mwili vitamini A, na jua kali huiharibu. Vikatwe vyembamba, vikaushwe haraka mahali penye upepo na kivuli. Hata ghalani rangi huendelea kupungua mwezi hadi mwezi, kwa hiyo michembe ya viazi lishe iliwe mapema. Ya viazi vyeupe ndiyo ingoje mvua za Novemba.